Rangi ya mafuta ikibanduka, anza na msingi: utatuzi wa matatizo kwa wachoraji wa Dodoma

Picha ya rangi ya mafuta ikianza kubanduka, usikimbilie kuilaumu rangi. Okota kipande kilichodondoka, kigeuze, utazame mgongo wake kwenye mwanga wa mlangoni. Kama mgongo ni rangi tupu, na pale kilipotoka pamebaki weupe unaong'aa, msingi umeshika vizuri chini yake ila rangi haikupata pa kujishikiza. Kama mgongo ni mweupe na pale kilipotoka unaona kitambaa au ubao mtupu, msingi wote umeachana na kitu ulichopakwa. Weupe ukiwa mgongoni mwa kipande na pia pale kilipotoka, msingi umekatika katikati, maana yake ulikuwa na unga mwingi kuliko gundi. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haisaidii lingine.

Ninaposema msingi nina maana ya lile tabaka, kwa kawaida jeupe, linalokaa kati ya rangi na kitambaa au ubao. Muuza vifaa vya ujenzi ataliita praima. Wachoraji wengi wanasema geso, yaani unga mweupe kama jasi au chaki uliochanganywa na gundi, hata pale ambapo kilichomo kwenye kopo si geso. Msingi una kazi mbili zinazovutana. Unatakiwa uzuie mafuta yasizame hadi kwenye kitambaa, na wakati huohuo uwe na ukwaruzo na kiu kidogo ili rangi ishike. Ukiwa laini na umejifunga mno, rangi inateleza. Ukiwa wa unga mno, unanyonya mafuta yote na kuiacha rangi haina kiunganishi. Karibu kila lalamiko ninalolisikia kwa wachoraji wa hapa linaangukia upande mmoja kati ya hizo mbili.

Halafu kuna hewa yetu. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ukavu, jua kali na upepo wenye vumbi. Geso ambayo kwenye unyevu wa Dar es Salaam inakupa nafasi ya kuitandaza bila haraka, hapa mchana wa Septemba inakamata brashi kabla hujafika upande wa pili wa kanvasi. Maelekezo ya kwenye kopo hayakuandikwa kwa kuufikiria mchana huo.

Rangi imetoka, weupe umebaki unang'aa

Cha kwanza kukishuku ni kopo la rangi ya mafuta ya milango. Linapatikana kila duka, ni jeupe, linafunika vizuri, kwa hiyo watu wanapaka ubao mzima kisha wanaanza kuchora kwa rangi za tyubu. Mazoea hayo yana historia ya heshima. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za dukani zinazong'aa juu ya hadibodi, na wengi wanaofuata mtindo wake wanafanya hivyo mpaka leo. Lakini kwao rangi ya chini na ya juu ni za jamaa moja. Rangi ya tyubu ya msanii ni mafuta ya kitani na unga wa rangi, inakauka polepole, na juu ya uso uliokauka na kung'aa haina pa kung'ata.

Dalili yake huonekana mapema. Ukipaka rangi nyepesi iliyochanganywa na tapentaini, inajikusanya vitone vitone badala ya kutandaa. Simama hapohapo. Sugua kwa msasa namba 220 hadi mng'ao wote ufe, kisha uinamishe ubao kuelekea dirishani na kuutazama kwa pembeni: kila doa ambalo bado linarudisha mwanga ndipo patakapobanduka. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, jaribu tena na tone la rangi nyepesi. Usipake geso ya maji juu ya rangi hiyo ukidhani umeisahihisha. Inatandaa, inakauka, inaonekana nzuri, na baadaye inavuliwa kwa ukucha.

Chanzo cha pili ni geso nzuri iliyosuguliwa kupita kiasi. Wanaochora sura za watu wanapenda uso laini, na ninawaelewa, lakini msasa mwembamba wa namba 600 unaweza kuing'arisha geso mpaka ukafuta ukwaruzo wote uliokuwa unahitajika. Ishia namba 320.

Chanzo cha tatu watu wengi hawakifikirii: zinki. Rangi nyeupe ya zinki ikichanganywa na mafuta huwa ngumu na kavu kadiri miaka inavyokwenda, na tabaka lililo juu yake huachia. Tazama maandishi madogo nyuma ya tyubu au ubavuni mwa kopo la msingi wa mafuta. PW6 ni titani. PW4 ni zinki. Tyubu nyingi zilizoandikwa titani kwa herufi kubwa zina vyote viwili. Kwa tabaka za chini mimi sinunui chenye PW4.

Kabla ya kuanza kazi kubwa, jaribu msingi wako kwenye kipande. Acha ukauke siku tatu, paka rangi, na rangi ikikauka, chora kwa wembe mistari mitano kwenda na mitano kukatiza, ikiwa karibu karibu. Bandika selotepu imara, ibonyeze kwa kidole gumba, ivute kwa mkupuo. Vikitoka viboksi viwili vitatu, rudi kwenye msasa. Vikitoka vyote, badilisha msingi.

Kipande kimetoka na weupe wake

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu picha nzima inaweza kwenda.

Dodoma inajengwa. Kila mtaa, kuanzia Nkuhungu hadi Ipagala, una duka lenye mifuko ya puti ya ukutani, na bei yake ukilinganisha na kopo la geso inashawishi. Tatizo ni kwamba puti nyingi za unga zina saruji nyeupe au chokaa, na vyote viwili ni vya magadi. Magadi yakikutana na mafuta ya kitani hutengeneza sabuni, sabuni halisi, na tabaka lililokuwa linashika linageuka kuwa laini, la unga, lisilo na nguvu. Mwanzoni huoni kitu. Unakuja kuona baada ya muda, rangi ikiwa imebadilika sehemu sehemu na kuanza kuachia.

Kipimo kiko jikoni. Koroga bizari ya manjano kwenye maji ya vuguvugu. Ili ujue unachokitafuta, dondoshea kwanza kwenye maji ya majivu: unjano utageuka wekundu wa kahawia. Sasa lowesha puti yako iliyokauka na uidondoshee manjano hiyohiyo. Ikibaki njano, hapo hakuna hatari ya magadi. Ikigeuka nyekundu, usiweke rangi ya mafuta juu yake, hata kama fundi aliyekuuzia anakuapia kwamba inadumu ukutani. Ukutani inadumu kweli. Ukuta kwa kawaida haupakwi mafuta ya kitani.

Sababu ya pili ni kitambaa chenyewe. Amerikani mpya inatoka kiwandani na wanga, wakati mwingine na mafuta ya mashine. Dondoshea maji: yakikaa juu bila kuzama, geso nayo itakaa juu bila kuzama. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka maji yatoke safi, anika, piga pasi. Itarudi kidogo kwa upana na urefu, na afadhali irudi kwenye kamba kuliko kwenye fremu. Kama picha itazidi nusu mita, achana na amerikani nyepesi utafute drili nzito ya pamba. Turubai la hema lililotiwa nta na lile la plastiki la lori havifai kabisa, hata ukivifua.

Ya tatu ni kanvasi ya zamani iliyopakwa geso upya ili kuokoa pesa. Kama picha ya chini ni ya mafuta, geso ya maji haitashika juu yake. Inavulika kipande kizima kama ngozi. Mafuta yanaweza kukaa juu ya akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki, kama geso nyingi za dukani), lakini akriliki haikai juu ya mafuta. Anayetaka kutumia tena kanvasi yenye picha ya mafuta asugue vinundu, afute vizuri, apake msingi wa mafuta, asubiri ukauke. Au aigeuze, kama nyuma ni safi na hapajapitwa na mafuta, aanze upya upande huo.

Ya nne ni vumbi kati ya koti na koti. Upepo wa mchana unaleta udongo mwekundu mwembamba ambao huuoni mpaka upitishe kidole. Koti la pili likipakwa juu yake, linashika vumbi, si koti la kwanza. Fanya kazi alfajiri kabla upepo haujaamka, funga madirisha, mwagia sakafu maji, na ufute kila koti kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya linalofuata. Maji ya sakafuni yana faida nyingine: hewa ya chumba inapata unyevu na geso haikimbilii kukauka.

Weupe mgongoni, weupe pale kilipotoka

Msingi umekosa gundi. Ama umetengeneza mwenyewe kwa unga mwingi, ama umetumia rangi ya maji ya ukutani ya bei ya chini, ama umeimwagia geso maji kupita kiasi ili iongezeke. Koti la kwanza linaweza kupokea maji kidogo, robo ya ujazo wa geso kwa juu kabisa, ili lizame kwenye nyuzi. Yanayofuata yapakwe bila kuongezwa maji mengi.

Sugua msingi mkavu kwa kitambaa cheusi chenye unyevu. Kikitoka na weupe mwingi, gundi haitoshi, na hakuna koti la juu litakaloimarisha lile la chini. Kwangua.

Rangi imefifia, madoa makavu hapa na pale

Jana ulipaka kahawia nzito inayong'aa, leo ni ya kijivu, haina kina, na haifanani na sehemu iliyo jirani. Mafuta yamezama. Msingi una kiu kupita kiasi, au una kiu isiyolingana, mahali koti tatu na mahali moja.

Pima kwa tone la maji kwenye msingi mkavu, sehemu nne tano tofauti. Tone linalopotea mara moja linasema msingi unanyonya mno. Tone linalokaa limevimba bila kutandaa linasema umejifunga mno. Unataka lile linalotandaa taratibu na kuzama bila haraka, na unataka tabia hiyo iwe sawa pembeni na katikati. Msingi wenye kiu ukigundulika kabla ya kuchora, koti moja jembamba la geso nzuri juu yake linatosha kwa kawaida, ilimradi ule wa chini umefaulu kipimo cha kitambaa cheusi.

Picha ikiwa imeshachorwa, bado inaokoleka. Subiri rangi ikauke kwa kuguswa. Weka mafuta ya kitani kidogo mno kwenye kitambaa kisicho na manyoya, sugua doa lililofifia, halafu futa kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki unyevu tu. Rangi inarudi hapohapo mbele ya macho yako. Usiyaache mafuta yakatuama, yatageuka manjano. Na vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye ndoo ya maji. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyofinyangwa pamoja pembeni ya chumba vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Katika joto letu hilo si jambo la kuahirisha.

Mafuta yametokea nyuma ya kitambaa

Geuza kanvasi. Madoa ya njano yenye umbo la picha ya mbele yanaonyesha mafuta yamepita. Sura ya mbele inaweza kuwa nzuri kabisa leo, ila mafuta ya kitani yakikauka ndani ya nyuzi za pamba au kitani huzifanya kuwa ngumu na kuzidhoofisha, na siku moja kidole kinapenya. Hakuna namna ya kuyatoa.

Kinga yake ni kuziba kitambaa kabla ya msingi. Zamani Ulaya walitumia gundi ya ngozi ya sungura, ambayo ina kasoro moja: inavuta unyevu na kuuachia, inavimba na kusinyaa majira yakibadilika. Kwa mahali penye miezi mingi ya ukavu na masika ya ghafla kama hapa, mimi naona gundi nyeupe ya PVA iliyotengenezwa kwa kazi za sanaa, isiyo na asidi, ni salama zaidi. Gundi nyeupe ya maseremala inaziba pia na inatosha kwa mazoezi, lakini baadhi huwa njano na kukakamaa, hivyo sishauri kuiweka chini ya picha unayotaka kuuza. Ukitumia geso ya akriliki, koti tatu hadi nne huziba zenyewe. Koti moja haizibi. Kwa msingi wa mafuta, kuziba kwanza ni lazima.

Nyufa

Tazama umbo lake kabla ya kufanya lolote.

Nyufa zinazokatana na kuacha vipande vyenye kingo zilizoinuka, kama tope la bwawa lililokauka, zikitokea siku ileile ya kupaka, zinatokana na geso nzito iliyokaushwa haraka. Uso umefunga wakati chini bado kuna maji, kisha chini kukasinyaa. Umeanika juani, au umepaka koti moja nene badala ya mawili membamba. Sugua mpaka nyufa ziishe, paka jembamba kivulini, na nyunyizia nyuma ya kitambaa maji kidogo ili brashi isikwame. Baridi nayo huizuia akriliki kuungana vizuri, ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi, lakini usiku wa Julai ndani ya nyumba mjini mara chache hufika huko.

Nyufa zilizonyooka, sambamba na fremu, zimetoka kwenye mbao. Kitambaa kinagusa ukingo wa ndani wa fremu na kujikunja hapo kila kinapoguswa. Mwambie seremala arande ukingo huo uinamie ndani, ili kitambaa kishikwe kwenye ukingo wa nje peke yake.

Halafu kuna nyufa zinazotapakaa kitambaa kizima ukikibonyeza kwa nyuma. Hizo ni za msingi mgumu juu ya kitu kinachocheza. Jasi tunayo karibu, inachimbwa Itigi, na wachoraji wa Italia wa karne ya 14 na ya 15 walifanya makubwa kwa jasi na gundi ya ngozi. Walifanya juu ya mbao, na jasi yao waliiloweka na kuikoroga kwa muda mrefu mpaka ikaacha kuganda. Mwenye kupenda msingi huo autumie kwenye ubao mgumu. Kitambaa kinataka msingi unaopindika.

Kanvasi imelegea, ubao umepinda

Mbao za msonobari zinazoshuka kutoka Mufindi mara nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi. Ukizichonga fremu wiki hiyohiyo, hewa ya Dodoma inazikausha ukutani na fremu inajisokota. Ziweke kivulini, zikiwa zimepangwa na nafasi kati yake, mpaka zipungue uzito kabla ya kuzifikisha kwa seremala. Kanvasi iliyolegea kidogo inakazwa kwa kabari ndogo kwenye kona za ndani, kama fremu haikugundishwa kona.

Hadibodi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) hupinda kwa sababu upande mmoja umekunywa maji na mwingine haujanywa. Paka nyuma idadi ileile ya koti, na kingo usizisahau, maana ndiko unyevu unakoingilia. Ubao ukizidi sentimita 60, gundisha mbao za kuimarisha nyuma kabla ya koti la kwanza.

Madoa ya kahawia na ukungu mweupe

Geso ikikauka na kuonyesha rangi ya chai, maji yake yamevuta rangi ya ubao au ya kitambaa yakaipandisha juu. Hadibodi inafanya hivyo, na mbao nyekundu kama mninga zinaweza kuachia rangi zikilowa. Koti za ziada za geso hazisaidii sana kwa sababu kila moja inavuta tena. Ziba ubao kwanza, acha ukauke kabisa, ndipo upake geso.

Ukungu mweupe unaofutika kwa kidole kisha unarudi ni chumvi. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi ya kutosha kuacha ukoko kwenye sufuria ya chai, na kuyachemsha hakuitoi. Punguza geso kwa maji ya mvua yaliyochujwa, au nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Soma chupa vizuri: unataka maji, usichukue asidi.

Rangi haikauki, inanata

Kama msingi ni wa mafuta, pengine ulichora mapema mno. Msingi wa alkidi (mafuta yaliyotengenezwa kiwandani ili yakauke haraka) unaweza kuwa tayari baada ya wiki moja. Wa mafuta ya kitani unataka wiki nyingi, hata miezi. Bonyeza ukucha: ukiacha kishimo, bado.

Kama msingi ni mkavu, uliza ni mafuta gani yaliyotumika. Tunaishi kwenye mikoa ya alizeti, na chupa ya mafuta ya kupikia iko karibu kuliko chupa ya mafuta ya kitani. Alizeti inakauka nusu nusu, polepole sana, na mafuta ya mawese na ya nazi hayakauki kabisa. Ukichanganya yoyote kati ya hayo na unga mweupe ukauita msingi, utabaki unanata na kukusanya vumbi lote la kiangazi. Kidole kikiendelea kuacha alama baada ya miezi miwili, kwangua mpaka kwenye ubao, futa kwa tapentaini, acha hewa ipite siku kadhaa, kisha paka upya kwa mafuta ya kitani.